Raketi ya duara yaonewa bure viwanjani Mombasa

Kwenye viwanja vya padel vya Mombasa, mchezo wa raketi wa wawili kwa wawili ambapo uwanja umezungushiwa vioo na mpira uliodunda ukagonga kioo bado unachezwa, imeshaota mizizi imani moja: raketi ya duara ni ya anayeanza, na ukishazoea vioo na hesabu ya pointi sharti upande daraja. Kupanda daraja maana yake ni kununua raketi ya umbo la almasi, uso wa kaboni, na kuanza kupiga smeshi, yaani pigo la juu la nguvu. Kijana akikaa miezi kadhaa bado ameshika duara, wenzake humuuliza, "Kaka, hiyo utaiacha lini?" Hawana ubaya naye, ila wameshaamua kwamba anayeshika duara hajakua. Uamuzi huo unawagharimu watu pesa na viwiko. Mbaya zaidi, unawafanya wacheze padel isiyokuwa yao.

Wanaotetea almasi nao wana hoja, na si za kupuuza. Uzito wa raketi hiyo umesogezwa juu kuelekea nchani, kwa hiyo mkono uleule, ukizunguka kwa kasi ileile, hupeleka mpira kwa nguvu zaidi. Wapinzani wakishajua smeshi yako haiumi, watakuinulia lobu, ile mipira ya juu ya kukupita kichwani, bila woga usiku kucha, na mechi itageuka ya kurudishiana mipira tu. Kuna pia waliotoka kwenye tenisi na skwoshi, ambao mkono wao umeshafundwa, na kuwaambia wasubiri ni kuwachelewesha. Ipo hoja nyingine, ya joto, ambayo kwa mji huu naiona nzito kuliko hizo zote. Nitaifikia.

Ila anayejifunza haupati mpira pale anapotaka. Raketi ya duara ina eneo pana linaloitika vizuri, na liko katikati ya uso. Kwenye almasi eneo hilo ni dogo na limepanda juu. Ukiwa wavuni, umejipanga, mpira unakujia kifuani, tofauti huioni sana. Utaiona pale mpira unapotoka kwenye kona ya vioo viwili, umegeuka nusu, goti limeinama, na una nafasi ndogo tu ya kuuingiza uso wa raketi chini yake. Hapo duara itakusamehe. Almasi itaupeleka mpira kwenye wavu, au itautoa bila uzito wowote huku mtetemo ukipanda mkononi. Mtetemo huo wa kila siku, kwenye uso mgumu wenye uzito nchani, ndio huwaleta wengi kwenye maumivu ya kiwiko, na kiwiko kikishaanza kuuma hakiponi kwa wikendi moja.

Jambo linalonisumbua kuliko yote, hata hivyo, ni hatima ya smeshi yenyewe. Itazame pointi moja polepole. Nyinyi mko mbele, wapinzani wako nyuma. Wameinua lobu fupi, inashuka karibu na mstari wa sevisi wa upande wenu. Unarudi hatua mbili, unainua mkono, unapiga kwa nguvu zako zote. Mpira unavuka, unatua mita 6 au 7 ndani ya upande wao, unainuka, unagonga kioo cha nyuma kwenye kimo cha kifua, unarudi. Kioo hicho kiko mita 10 kutoka wavuni, na kadiri ulivyopiga kwa nguvu ndivyo mpira unavyotoka kiooni kwa mbali zaidi, kuja upande wako. Mpinzani hana haja ya kukimbia. Anauacha umpite, anageuka nao, anausubiri ushuke hadi kiunoni, na bado ana muda wa kutazama ulipo. Wewe uko katikati ya uwanja, mwili umeinamia mbele baada ya pigo, na mwenzako kaachwa peke yake wavuni. Mpira unapita katikati yenu, pale ambapo wavu una kimo cha sentimita 88 tu badala ya 92 za kwenye nguzo. Pointi imekwisha, na aliyeipoteza ni yule aliyekuwa akishambulia.

Haikutokana na bahati mbaya. Ndivyo uwanja ulivyojengwa. Kwenye tenisi, mpira uliopigwa kwa nguvu ukimpita mtu umempita. Kwenye padel, mpira wa nguvu ya wastani unampita mtu kisha unamrudia ukiwa umepoa. Smeshi inayolipa ni ile inayoruka baada ya kudunda na kutoka juu ya ukingo wa pembeni wa mita 3, au ile inayogonga kioo cha nyuma na kurudi mpaka ikavuka wavu kwa mpigaji. Zote mbili zataka kimo, kasi na pembe kwa pamoja, na hata mabingwa huzijaribu wakiwa mahali panapofaa tu. Iliyo chini ya hapo inamtengenezea mpinzani mpira mzuri kuliko aliokuwa nao. Almasi haimpi mchezaji wa kati ile smeshi ya kutoka nje. Inamtoa kwenye smeshi dhaifu na kumfikisha kwenye ile ya wastani, na ile ya wastani ndiyo mbaya kuliko zote.

Hapa Mombasa ina habari yake. Wachezaji wetu hutazama video za Nairobi, wakaona mipira ikirushwa nje kwa urahisi, wakarudi na hamu ya kufanya vilevile. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kule ni nyepesi, mpira haukabwi ukiwa angani, na kwa kuwa kanieneo ya hewa ya nje ni ndogo, mpira wenyewe hudunda zaidi. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Padel zinalitambua hilo: mpira wa kawaida ukiangushwa kutoka mita 2.54 unatakiwa kudunda kati ya sentimita 135 na 145, lakini mahali palipozidi mita 500 juu ya bahari unaruhusiwa mpira wa aina nyingine, wenye mdundo mdogo zaidi. Sisi tuko usawa wa bahari. Smeshi ileile, kwa mkono uleule, huku inakosa ule msukumo wa mwisho na kuishia kioo cha nyuma.

Halafu kuna saa tunazocheza. Jua la mchana linawafukuza watu, kazi nazo zinawashika, kwa hiyo viwanja hujaa baada ya magharibi. Kwenye viwanja vya wazi, usiku wa masika, kioo hushika unyevu mpaka asiye na taulo la kukifuta anajuta. Manyoya ya mpira hunyonya maji na mpira huwa mzito. Ukigonga kioo chenye maji, hauruki kama mchana, unateleza na kushuka miguuni. Mpira wa namna hiyo unampendelea anayekata, anayeuweka chini na nyuma, na haumsaidii anayetaka uruke. Bandeha, lile pigo la juu la kukata linalopigwa mbele ya bega kwa mshiko wa nyundo, usiku kama huo huwa kali ajabu. Mpira unatua karibu na kioo cha nyuma, unakigusa chini na haunyanyuki tena. Mpinzani anapiga akiwa amechuchumaa, na wewe umeshapata muda wa kurudi wavuni.

Wanaoharakia almasi mara nyingi huisoma vibaya bandeha, wakiiona smeshi ya mtu mwoga. Kazi yake si kumaliza pointi. Ni kukuzuia usinyang'anywe wavu. Padel ya wanaojua ni vita vya kugombea wavu, na jozi iliyo mbele ndiyo yenye pointi mkononi mara nyingi zaidi. Kwa hiyo hata lobu, ambayo wengi huiona ni ya kujiokoa, ni silaha ya kushambulia: ukiipiga ikapita juu ya bega la upande wa mkono dhaifu wa mpinzani, ikatua nyuma ya mstari wa sevisi, umewaondoa watu wawili mahali pao pazuri na wewe na mwenzako mmepaingia. Lobu hiyo inapigwa kwa kuinua kutoka chini, goti likisaidia, uso wa raketi ukiwa wazi, na mara nyingi mpira unakuwa umeshatoka kwenye kioo. Yaani ni lile pigo hasa ambalo duara hulipiga vizuri na almasi hulikosesha.

Atakayedhani mchezo wa duara ni wa watu wasio na nguvu na amtazame Miguel Lamperti wa Argentina. Kwa miaka mingi amekuwa kati ya wapigaji smeshi wanaopendwa zaidi duniani, na raketi iliyobeba herufi za jina lake, ML10 Pro Cup ya kampuni ya Nox, ni ya duara. Muargentina mwenzake Fernando Belasteguín, aliyestaafu mwaka 2024, alikaa namba moja ya dunia miaka 16 mfululizo, na sifa yake kuu haikuwa mkono mzito kuliko wengine. Alichokuwa nacho ni kutokupa mpira wa bure. Siwataji hawa ili mtu anunue walichoshika wao, kwa kuwa bingwa aweza kucheza na chochote. Nawataja kwa sababu wanaonyesha kwamba umbo la raketi na ukubwa wa mchezaji ni vitu viwili.

Sasa joto. Wakati wa kaskazi, Februari na Machi, mchana wa Mombasa hupita nyuzi 32, na ndani ya raketi kuna sponji ya EVA ambayo hulainika kadiri inavyopata moto. Raketi laini iliyotengenezwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya, ikichezewa huku saa nane mchana, hulegea. Mpira unazama usoni na kutoka bila mpangilio, na voli, pigo la kabla mpira haujadunda, hukosa makali. Watetezi wa almasi husema, basi nunua ngumu, na hapo wako sahihi kabisa. Wanachokosea ni kuunganisha mambo mawili. Ugumu wa sponji na umbo la raketi ni maamuzi tofauti. Zipo raketi za duara, na za umbo la tone ambalo liko katikati ya duara na almasi, zenye sponji ya ugumu wa wastani, na hizo ndizo ningemshauri mchezaji wa pwani anayekua: umbo la kusamehe, sponji isiyolegea kaskazi, uzito wa gramu 360 au pungufu kidogo. Raketi yoyote utakayochagua, usiiache garini juani, kwa kuwa moto wa ndani ya gari lililofungwa huharibu sponji na gundi haraka kuliko mechi zozote. Na ile kamba ya raketi ya kufunga kwenye kifundo cha mkono, ambayo wengi huiona mapambo, ni sharti la kanuni. Mkono wa Mombasa unatoka jasho, na raketi iliyoponyoka kwenye smeshi yaweza kumfika mwenzako usoni.

Raketi za juu za almasi huuzwa zaidi ya euro 250 kabla hata ya gharama za kuzifikisha huku. Pesa hiyo ikienda kwa kochi anayekusimamisha kwenye kona ya vioo na kukurushia mipira mpaka ujue lini uache ipite na lini uikate mapema, utapanda daraja kweli.

Almasi ina wakati wake. Ni pale lobu fupi inapokukuta umeshajipanga kabla haijashuka, bandeha yako inafika kioo cha nyuma bila kufikiri, na wapinzani wameanza kuogopa kukuinulia. Ukifika hapo, azima ya mtu kwanza. Icheze mchana wa jua kali, kisha uicheze usiku kioo kikiwa na unyevu, maana zitakuwa kama raketi mbili tofauti, na ile ya usiku ndiyo utakayoishi nayo.