Habari rasmi ya ile taiti

Najua yule ndugu yangu wa Soweto, hapa Mbeya, ameshaisambaza ile video yangu ya mashindano ya bastola mpaka Tukuyu, kwa hiyo nianze na marekebisho: taiti haikuwa ya pinki. Ilikuwa zambarau, ya mama Neema, na aliyewahi kutoka nje Uyole alfajiri ya mwezi wa saba hawezi kuniuliza niliivalia nini. (Mlioko Dar nyamazeni. Ninyi mna feni.)

Mchezo wenyewe ni wa bastola, unapiga shabaha huku unahama kituo hadi kituo. Pointi zako zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia, kwa hiyo ukijivuta umeumia, ukikurupuka pia umeumia. Kaulimbiu ya mchezo ni usahihi, nguvu na kasi. Mkanda hawakuutaja.

Wangu ni ule wa suti ya harusi. Suruali ni mtumba wa Mwanjelwa, mwenye nayo wa kwanza alikuwa ameshiba. Nikaning'iniza holsta (mfuko wa bastola) na magazini zilizojaa risasi, nikaambiwa "standi bai", yaani kaa tayari, taima ikalia piii! Nikachomoa, nikapiga kibao cha kwanza safi kabisa, nikaondoka mbio kwenda kituo cha pili. Nikasikia baridi mapajani.

Sasa nifuateni polepole. Mkono wa kulia una bastola yenye risasi. Mtutu ukivuka nyuzi 90 kutoka usawa wa tuta la nyuma ya shabaha, umetolewa mashindanoni. Ukiidondosha, umetolewa. Mkono wa kushoto ukawahi suruali, Afande msimamizi akanguruma nyuma yangu, "Mtutu!" Nikaiachia suruali. Ikateremka na holsta yake na magazini zake, taratibu, mpaka kwenye vifundo vya miguu.

"Kama umemaliza, toa risasi uonyeshe."

Nimemaliza, Afande. Nimemaliza kabisa.

Nikatoa magazini, nikafungua, chemba tupu, akakagua. Akasema, "Holsta," yaani niirudishe bastola humo. Kisha kimya. Akaitazama holsta kule chini, akanitazama mimi, akaitazama tena. Kuinama na bastola hataki, na mtu mwingine kuishika hataki. Akaagiza begi langu liletwe. Begi limo kwenye gari. Ufunguo anao ndugu yangu wa Soweto, ambaye mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika simu, anarekodi.

Nikasimama pale, bastola imeelekea kwenye tuta, maua ya taiti yameelekea kwa hadhira, upepo wa mlima Loleza unafanya kazi yake. Mama wa chai akageuza uso kwa heshima. Akaurudisha.

Begi likaja, nikafungwa kamba ya gunia la viazi, nikarudi nyumbani. Kila risasi iliyotakiwa kwenye kibao ambacho hukukigusa inakatwa pointi 10, ila jumla haishuki chini ya sifuri, na sifuri yangu nimeipokea kwa shukrani, ndaga fijo.

Mama Neema kashaiona video. Anasema taiti imetanuka, anadai mpya.