Namba Kumi ni Televisheni

Tangu jana usiku nagombana na kompyuta, na ninachotaka ni folda moja tu. Folda yenyewe naijua inapokaa. Imo ndani ya seva, ile kompyuta kuu inayotunza mafaili ya wote, seva imo ndani ya kabati la chuma, kabati liko ofisini Ligula, Mtwara mjini, juu yake mama wa chai huegesha chupa zake. Mimi nipo Mikindani. Ni kilomita 10 na ushee, kwa daladala nafika chai haijapoa. Lakini bosi kasema siku hizi hatufuati faili, faili linatufuata. "Unaunganisha VPN, ile njia ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali, unaiona draivu ya Z, yenye mafaili ya seva, kama uko ofisini." Haya.

VPN ikaunganika, alama ikawa ya kijani, nikavuta kiti kama mkurugenzi. Nikabofya Z. Kiduara kikazunguka. Nikaenda kuswali Isha, nikarudi, kinazunguka. Halafu yakaja maneno ya Kizungu kwamba njia ya mtandao haijapatikana. Umeme haukukatika, na sisi majirani wa gesi ya Mnazi Bay hilo tunalishukuru kama zawadi. Bando likaisha, nikanunua jingine. Nikazima, nikawasha.

Asubuhi nikampigia kijana wa IT.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Z imekufa."

"Haijafa mzee, mbona huku tunaiona!"

Akaniambia nifungue kile kidirisha cheusi, niandike ipconfig, nimsomee namba ya kompyuta yangu kwenye mtandao wa nyumbani. Nikavaa miwani, nikasoma kwa tuo: 192 nukta 168 nukta 1 nukta 7. Kimya. Kisha nikasikia anacheka. Mtoto niliyempitishia barua yake ya likizo juzi tu, ananicheka mimi.

"Mzee, ofisini nako ni 192.168.1. Seva yetu ni namba 10. Kompyuta yako ikiiona hiyo namba inajua ni ya hapo hapo nyumbani, haihangaiki kupita kwenye VPN. Ni kama umeagizwa nyumba namba 10 ya mjini, wewe ukatoka nje ukagonga namba 10 ya mtaani kwako."

"Na kwangu namba 10 ni nani?"

Tukafungua ukurasa wa ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, tukateremka kwenye orodha ya vifaa. Simu ya mama Salma, simu ya Salma, simu nisiyoijua (hiyo nitaishughulikia), halafu namba 10. Televisheni.

Yaani usiku kucha nimeipigia hodi televisheni ya sebuleni inipe bajeti ya robo ya pili! Mimi, mtu mzima mwenye mhuri wangu. Nayo imenikalia kimya, inaendelea na Waturuki wake wa tamthilia.

Dawa, akasema, ni kubadilisha ruta iwe 192.168.50, namba za nyumbani zisigongane na za ofisini. Nikabadilisha. Ruta ikazima ili ijiwashe upya, na sebuleni Mturuki alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo kusema mtoto ni wa nani.

"Baba Salma! Umegusa nini?"

Nikajibu kwamba niko kazini. Sitarudia kujibu hivyo.

Lakini Z ikafunguka! Folda zote zikajipanga, hadi ile ya "MWISHO MWISHO KABISA 2". Nikabofya bajeti. Naambiwa faili linatumiwa na mtu mwingine, nisome tu, nisiguse. Kama nimeingia makumbusho. Na mtu mwingine ni mhasibu mwenzangu. Nikampigia, yuko Newala tangu Ijumaa, kafuata mnada wa korosho. Faili kaliacha wazi mezani kwake.

"Usiwe na wasiwasi kaka, mlango nimefunga."

"Ufunguo?"

"Ninao hapa."

Kijana wa IT anasema anaweza kumtoa kwa nguvu kule kule kwenye seva. Mhasibu anasema tusithubutu, ana kazi ya wiki nzima hajaihifadhi. Wiki nzima! Nikakosea kumuuliza bei imesimamaje. Akaanza: kilo, makato, malipo yanachelewa, shemeji yake kauza kangomba, kwa walanguzi, kabla ya msimu sasa anajificha. Dakika zangu zikakata shemeji akiwa bado mafichoni.

Sasa ni saa tisa. Bosi kapiga mara mbili. Televisheni nayo imegoma kushika mtandao, kumbe fundi aliyeifunga aliiwekea namba yake ya kudumu, ile ya zamani, na inaitafuta mpaka muda huu. Mama Salma kaniletea rimoti na kiti.