Hofu ya klozapini na hesabu zinazosahaulika

Februari 2025, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba mfamasia hahitaji tena kuona taarifa za vipimo vya damu kwenye mfumo maalumu kabla ya kumpa mgonjwa klozapini, dawa ya skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo) kwa wasiopata nafuu kwa dawa nyingine. Vipimo vyenyewe bado vinapendekezwa. Kilichoondoka ni sharti la kuzuia dawa. Wapo waliouona uamuzi huo kuwa uzembe. Mimi nauona umechelewa, ingawa wenye wasiwasi hawakuokota hofu yao njiani.

Hofu hiyo ilianzia Finland mwaka 1975. Wagonjwa wanane walifariki baada ya seli nyeupe za damu kuporomoka, mwili ukakosa kinga dhidi ya maambukizi ya kawaida. Kampuni ya Sandoz, iliyoitengeneza, ikaiondoa dawa katika nchi nyingi. Kwa hiyo Herbert Meltzer, aliyekuwa akifanya utafiti Cleveland, na John Kane wa New York walipotaka kuirudisha, walionekana kama watu wanaocheza na roho za wagonjwa wasioweza kujitetea.

Matokeo yao ya mwaka 1988 hunukuliwa sana na kueleweka kidogo. Wagonjwa walioingia kwenye jaribio hawakuwa wa kawaida. Kila mmoja alikuwa ameshatumia angalau dawa tatu bila nafuu ya maana. Kisha walipewa haloperidoli, dawa nyingine ya zamani, kwa wiki kadhaa, na aliyepata nafuu akatolewa. Waliobaki, 268, ndio waliogawanywa kwa bahati nasibu: wengine klozapini, wengine kloropromazini, nayo dawa ya zamani, kwa dozi kubwa. Baada ya wiki sita, asilimia 30 ya waliopewa klozapini walikuwa wamepata nafuu. Upande wa pili, asilimia 4.

Husemwa kwamba asilimia 30 ni haba, maana saba kati ya kumi walibaki vilevile. Anayesema hivyo anahesabu kana kwamba wagonjwa hao walikuwa na njia nyingine, na hawakuwa nayo. Tofauti ya 30 na 4 ina maana kwamba karibu mmoja kati ya kila wanne alipata nafuu ambayo dawa ile ya zamani isingempa. Tena ni wiki sita tu. Meltzer alishikilia kwamba wengine huhitaji hadi miezi sita. Mwaka 1992 jarida la Time liliandika juu ya wagonjwa wa Cleveland walioandaliwa dansi ya kumaliza shule, ile waliyoikosa ujanani kwa sababu ya sauti vichwani. Takwimu haipimi dansi, najua. Lakini nafuu ndiyo hiyo.

Wapinzani wana hoja nzito zaidi ya Finland. Mwaka 2016 uchambuzi uliojumlisha majaribio mengi haukuona klozapini ikizishinda waziwazi dawa mpya kama olanzapini kwa wagonjwa sugu. Na utafiti mkubwa wa Meltzer kuhusu kujiua, uliotoka 2003 ukihusisha watu 980 wenye skizofrenia au ile inayochanganyika na dalili za sonona na bipola, uligharimiwa na mtengenezaji wa dawa. Majaribio ya kujiua yalipungua: watu 34 upande wa klozapini, 55 upande wa olanzapini. Vifo vyenyewe vilikuwa vichache mno kuonyesha tofauti. Hata hivyo, watafiti walihakikisha pande zote mbili zinaonana na wahudumu kwa idadi ileile ya mara, kwa hiyo huwezi kusema kilichosaidia ni kuonekana kliniki mara kwa mara.

Turudi kwenye damu. Klozapini iliporuhusiwa Marekani, mgonjwa alilazimika kupimwa kila wiki: bila damu, hakuna dawa. Kati ya watu 11,555 wa mwanzo waliofuatiliwa, 73 waliporomoka seli, wawili wakafariki. Tahadhari hiyo ilifanya kazi, hilo halina ubishi. Lakini kiwango cha kumzuia mtu kilipangwa bila kutazama damu ya kila jamii. Watu wengi wenye asili ya Afrika wamerithi hali iitwayo Duffy hasi: seli zao nyeupe huonekana chache kwenye kipimo, na ni wazima kabisa. Wengine walinyimwa dawa au wakaachishwa kwa sababu ya hali waliyozaliwa nayo. FDA iliweka kiwango tofauti kwa ajili yao mwaka 2015, miaka 26 baada ya kuiidhinisha dawa. Waliofia Finland wanajulikana idadi yao. Hawa waliokosa dawa nani aliwahesabu?

Kama ni kuogopa, kuna cha kuogopa zaidi. Klozapini hunenepesha, huleta kisukari, huweza kuvimbisha misuli ya moyo katika wiki za mwanzo, na hufunga choo kiasi cha kuziba utumbo na kuua. FDA ilibidi ilitilie mkazo onyo la choo mwaka 2020. Miaka yote hiyo mhudumu alilazimika kuuliza majibu ya damu, na hakuna sharti lililomlazimisha amuulize mgonjwa mara ya mwisho alikwenda haja kubwa lini. Kwa kuwa sasa dakika za kujaza fomu zimerudi mikononi mwa wahudumu, swali hilo ndilo ningetaka lianze kuulizwa.