Uso wa Laki na Ishirini

Nilikwenda mjini kununua mpira wa mtungi wa gesi. Mpira tu, jamani. Foleni ya Clock Tower, hapa Kampala, imenila saa nzima, na konda kadai nauli ya mvua wakati mvua yenyewe ilitishia tu ikaenda zake. Naingia jengo la maduka, binti akanidaka mkono. Koti jeupe, kalamu mfukoni. Nikadhani chanjo.

"Ssebo, uso wako umechoka."

Uache kuchoka una nini, nao umeamka saa kumi na moja? Lakini mtu wa koti jeupe akikwambia kaa, unakaa. Akatoa kijitochi, akanigusisha shavuni, na kwenye simu yake nikatokea mimi. Wallahi, ilikuwa barabara ya kwetu baada ya masika, mashimo yote yapo. Binti akatikisa kichwa kama fundi anayesikiliza injini ya gari ambalo si lake.

"Una miaka mingapi, ssebo?"

"43."

"Ngozi yako ina 61."

Hapo mwanamume mzima alipaswa kuuliza hiyo ngozi ilizaliwaje miaka 18 kabla ya mwenyewe. Mimi nikauliza, sauti ya wodini: "Itapona?"

Akanipaka krimu shavu la kushoto peke yake. La kulia aliliacha liwe ushahidi. Bei 120,000, ila kwa kuwa nina uso wa heshima (ule ule uliochoka!), 95,000. Ndani kuna kolajeni, ile protini inayokaza ngozi, itarudisha ujana. Nikakishika kikopo: nje kinajaa kiganja, ndani kina cha kisoda. Nikavaa miwani nisome maandishi ya sisimizi. La kwanza kabisa: aqua.

"Hii akwa ni mti gani?"

"Ni kitu cha Ulaya, ssebo. Nadra sana."

Mwanangu wa S.4, kidato cha nne, alishanifundisha: aqua ni maji, na katika orodha ile kilicho kingi ndicho hutangulia. Maji! Yule wa mkokoteni ananiletea dumu la lita 20 kwa 500. 95,000 ni madumu 190, ningeoga mpaka uchaguzi ujao. Cha pili kilikuwa gliserini, ile ile ya kichupa ninayoiona duka la dawa pale stejini. Na kolajeni ya kupaka, anasema huyo huyo mwanangu, chembe zake ni kubwa mno kupenya ngozi. Inabaki juu inashika unyevu, kama godoro la sita kwa sita unalolisukumia dirishani.

Nikamwambia binti. Akasema, "Basi tufanye 60,000." Nikaona bora nikimbie kabla hajafika bei ninayoiweza.

Na hayo ni maji, afadhali. Jirani yangu alinunua krimu ya kung'arisha. UNBS, shirika la viwango la Uganda, imepiga marufuku zenye zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kuchubua ngozi, zinauzwa chini ya meza hivyo hivyo. Sasa uso embe bivu, vifundo vya vidole mkaa.

Nafika nyumbani shavu moja linawaka, mpira wa gesi sina. Mama watoto hakuuliza swali hata moja, na hilo ndilo baya zaidi. Aliniwekea tu mezani chupa ya soda yenye moyao, mafuta ya shea, ambayo mama mkwe hutuma na basi la Lira. Inanukia moshi, watoto wananiita samaki mkavu, lakini midomo haipasuki. Kisha akaongeza kofia. "Hayo madoa ni jua," akasema, "na kofia ulipewa bure."

Ni kweli, nilipewa kwenye kampeni. Rangi imetoka, jina la mheshimiwa limebaki nusu. Siku ile aliapa juu ya gari kuwa mtaa wetu utapata kalvati. Kalvati lililetwa kweli, likashushwa kando ya barabara, na hapo ndipo lilipo hadi leo. Mbuzi wa jirani wanalala ndani. Mvua ikinyesha sisi tunavua viatu, wao wanatutazama.