Okota embe, acha majani

Kisauni, Likoni, Mikindani, popote Mombasa palipobaki uwanja wenye mwembe au mdimu, siku huanza kwa fagio la chelewa. Majani hukusanywa, hutiwa kiberiti, na mchanga hubaki mweupe, umechorwa mistari. Mtu akiyaacha majani yake yalale chini ya mti siku tatu nne, jirani huuliza kama mwenye nyumba amesafiri. Utafiti wa miti ya matunda, kwa upande wake, unasema majani hayo ni matandazo: yabaki pale pale yalipoangukia, yatunze maji na kurutubisha udongo. Basi anayefuata ushauri huo huitwa mvivu, na anayefagia huitwa asiyejua kilimo.

Niseme mapema kwamba nawaona wanaofagia wana hoja, na hoja zao hazisikilizwi inavyostahili. Uwanja safi ni heshima ya nyumba, na katika mji huu usafi ni sehemu ya imani kabla haujawa jambo la afya. Halafu kuna nyoka. Kifutu hulala kimya ndani ya majani makavu, rangi yake ikifanana nayo kabisa, na mtoto anayekimbilia embe lililoanguka hawezi kumwona. Kuna na mbu. Mombasa ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2013 na 2014, kisha chikungunya ikaanza mwishoni mwa 2017. Mama aliyewauguza wanawe kwa maradhi hayo hawezi kuambiwa tu kwamba takataka za uwanjani ni mbolea. Ni kweli kwamba mbu huyo huzaliana kwenye maji yaliyotuama katika vifuu, makopo, tairi na madumu yasiyofunikwa, wala si kwenye majani yaliyotandazwa juu ya mchanga unaopitisha maji. Lakini vifuu na makopo hujificha ndani ya majani, na fagio ndilo linaloyafichua.

Hoja yao iliyo na nguvu kuliko zote ni ile wasiyoitaja sana: matunda yaliyoanguka. Nzi wa matunda aliyetoka Asia alionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003, na tangu hapo mwenye mwembe uwanjani amezoea kupasua embe zuri la ngowe akakuta funza. Nzi jike hutoboa ganda embe likiwa bado mtini na kutaga humo. Funza wakianguliwa hula nyama ya tunda, nalo hudondoka. Akishakomaa, funza hutoka, hujichimbia mchangani sentimita chache, hujifunika gamba, na baada ya siku kama kumi huruka akiwa nzi kamili, tayari kwa maembe yaliyosalia. Nzi mmoja jike hutaga mamia ya mayai katika maisha yake. Ndiyo maana kupiga dawa huku matunda mabovu yamelala chini ni kupoteza pesa, kwani dawa ya juu ya ganda haimfikii funza aliye ndani. Ni nzi hao hao waliosababisha Kenya ijizuie yenyewe kuuza maembe Ulaya mwaka 2014.

Kwa hiyo anayeinama kila asubuhi kuokota maembe yaliyoanguka anafanya kazi ambayo mtafiti yeyote angemsifu. Tatizo ni pale anapoyapeleka. Mengi huishia kwenye jaa la pembeni ya ukuta, na humo funza humaliza safari yake kwa raha kuliko angebaki chini ya mti. Yafukiwe shimoni, kina kisipungue nusu mita, ili nzi akizaliwa asiweze kupanda juu. Njia nyingine ni kuyafungia ndani ya mfuko mweusi juani mpaka funza wafe kwa joto; tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku mwaka 2017, pipa kuukuu lenye kifuniko kinachobana hufanya kazi hiyo. Aliye na kuku hana haja ya pipa wala shimo kwa maembe machache.

Embe, basi, lina kesi yake. Jani lina kesi nyingine, na hapo ndipo ninapoachana na fagio.

Kisiwa cha Mombasa na ukanda wa Nyali hadi Bamburi vimekalia mwamba wa matumbawe. Udongo ulio juu yake ni mwembamba, na kwengine ni mchanga mtupu, ambao ukimwagiwa ndoo ya maji huimeza na kuipitisha chini mara moja. Mizizi ya mwembe inayotafuta chakula iko karibu na uso wa ardhi. Tazama miembe ya zamani katika viwanja vinavyofagiwa kila siku: mizizi yake imetokeza nje kama mishipa ya mkono wa mzee. Fagio limeondoa udongo huo kidogo kidogo kwa miaka, na mvua za masika zimemalizia. Ifikapo Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua ikiwa ya kubahatisha, mchanga huo mtupu huwaka jua kutwa nzima. Hiyo hiyo ndiyo miezi mifereji ya nyumba nyingi ikauka na watu wakanunua maji ya mkokoteni kwa dumu. Mtu ananunua dumu la lita ishirini, analimwagia mdimu wake, na asubuhi yake anachoma kifuniko ambacho kingeyazuia maji hayo yasipotee.

Kuchoma kwenyewe kuna hasara ya pili. Naitrojeni iliyo ndani ya majani hupotea na moshi. Kinachobaki ni jivu, na jivu hufanya kazi ya chokaa. Udongo wa matumbawe tayari umejaa chokaa, hata madini ya chuma na zinki yaliyomo hayanyonyeki na mizizi. Ukiona mdimu au mpera una majani ya njano huku mishipa yake imebaki kijani, mara nyingi sababu ni hiyo. Kuuongezea jivu ni kuuzidishia ugonjwa.

Anayetaka ushahidi wa kile majani yanachoweza kufanya juu ya matumbawe haya aende Bamburi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, ambako udongo wote ulikuwa umeondolewa na kubaki jiwe jeupe na maji yenye chumvi. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili zilikuwa 3. Hesabu hiyo hunirudia kila ninapoona moshi wa asubuhi, maana inaonyesha jinsi jiwe hili lisivyo na huruma kwa mti. Miongoni mwa hizo 3, mvinje ndio uliositawi kuliko mingine, lakini majani yake yalirundikana chini bila kuoza. Wakaletwa majongoo. Sisi tunaosema mtupa jongoo hutupa na mti wake, tusingefikiria kumkaribisha kwa makusudi, ila majongoo hao waliyala majani hayo na kuyageuza mboji, na juu ya mboji hiyo miti mingine ikaweza kupandwa. Msitu ulioko leo umesimama juu ya majani yaliyoachwa. Wanafunzi wetu hupelekwa huko kutazama twiga na viboko. Laiti wangeonyeshwa na ardhi wanayoikanyaga.

Watafiti nao wana la kujibu. Ushauri mwingi unaozunguka nchini umeandikwa kwa ajili ya udongo wa bara wenye asidi, ambako kutia jivu au chokaa ni jambo jema, kisha ukaletwa Pwani bila kurekebishwa. Pia husahau kwamba bustani ya hapa ni uwanja wa nyumba: watoto hucheza humo, nguo huanikwa humo. Kumwambia mtu atandaze majani bila kumwambia wapi ni kumtafutia ugomvi nyumbani kwake. Matandazo yakigusa shina, gome huoza na mchwa hupata njia.

Mpango unaowezekana ni huu. Kando ya nyumba, mlangoni na wanapocheza watoto pafagiwe paing'ae. Majani yanayotoka huko yasichomwe, yapelekwe chini ya kivuli cha mti, unene wa sentimita tano hadi kumi, yakiacha shibiri moja kuzunguka shina. Vifuu na makopo yaondolewe. Maembe yaokotwe kila siku msimu mzima, hata yaliyojificha ndani ya majani, kwa reki au kwa mkono.

Kinachobaki ni jirani. Nzi haoni ukuta, na kiwanja kimoja kisichookotwa kinatosha kuharibu maembe ya mtaa mzima. Wenye nyumba za kupangisha, ambako mwembe ni wa wote na maembe mabovu si ya mtu, ndio wenye kazi kubwa hapa. Zamu ya kuokota iwekwe pamoja na zamu ya kufagia, na mikutano ya Nyumba Kumi ilizungumzie hilo kabla maembe hayajaanza kuiva.