Wainuiti wamezirudishia ramani sauti, nasi Pemba tunangoja nini?

Huku Kanada nimejifunza mengi ninayotamani yafike nyumbani Pemba, lakini hakuna kilichonigusa kama ramani za Wainuiti, wenyeji wa asili wa kaskazini ya mbali. Ottawa ninapoishi ndio mji wenye Wainuiti wengi zaidi nje ya nchi zao za kaskazini, na Chuo Kikuu cha Carleton kilichopo hapa ndicho kilichotengeneza Nunaliit, programu huria ya ramani. Jumuiya ya urithi ya Kitikmeot, mkoa wa Nunavut, eneo la Wainuiti kaskazini mwa Kanada, yenye makao yake Cambridge Bay, imeitumia kukusanya majina ya mahali. Unabonyeza ghuba au kilima, unasikia mzee akilitamka jina lake na kusimulia habari zake.

Kazi hii ina uchungu nyuma yake. Ramani za serikali zilijaa majina ya mabaharia wa Kiingereza. Mji mkuu wa Nunavut uliitwa Frobisher Bay mpaka 1987, uliporudishiwa jina la Iqaluit. Watoto walipelekwa shule za bweni na kuadhibiwa wakisema lugha ya mama, na huko Kitikmeot lugha ya Inuinnaqtun imebakiwa na wasemaji wachache, wengi wao wazee. Jina la mahali likipotea, hupotea pia habari ya wapi pa kuvuka na wapi caribou, wanyama wa jamii ya paa wanaowindwa huko, hupita.

Kisha kuna SIKU, programu ya simu iliyozinduliwa 2019 na jumuiya ya Arctic Eider Society ya kijiji cha Sanikiluaq, katika Ghuba ya Hudson. Mwindaji anapiga picha ya barafu, anaiandika kwa istilahi za lugha yake na kuwatahadharisha wenzake palipo pembamba. GPS peke yake itakunyooshea njia hadi kwenye barafu isiyobeba mtu. Ninachokithamini zaidi ni kwamba taarifa hubaki mali ya mwindaji, naye ndiye anayeamua nani azione.

Kwetu ramani za kidijitali zipo. Mradi wa Ramani Huria ulichora nyumba na mitaro ya Dar es Salaam kwa ajili ya mafuriko, na droni zimepiga picha Unguja na Pemba. Kazi nzuri, ila ni ya nchi kavu. Bahari imebaki vichwani mwa wavuvi: majina ya miamba, mikondo ya bamvua na maji mafu, alama za pwani anazozilinganisha nahodha ili ajue yuko juu ya mwamba gani. Kanada ina fedha na maabara. Sisi tuna kitu ambacho wao wanakitafuta kwa machozi: lugha bado inasemwa dikoni kila alfajiri, na vijana bado wanapanda ngalawa na babu zao. Kwa nini tungoje mpaka ikatike?

Najua wavuvi hawatoi siri ya mahali penye samaki, na wana haki. Ramani ya wazi kwa kila mtu ingewaletea meli za wageni na wawekezaji wa hoteli. Kwa hiyo tusianze na programu, tuanze na umiliki. Ningependa kazi hii ianzie kisiwa cha Misali, pwani ya Pemba: wanafunzi wa sekondari wawarekodi wazee kwa simu, kwa ridhaa yao na kwa Kipemba chao, bila kukisanifisha, na kamati za wavuvi za shehia ndizo ziamue kipi kionekane na kipi kifichwe. Sisi tulioko ng'ambo tulipie vifaa na tusidai chochote.