Saratani si kukua tu, ni kugoma kufa

Mwandishi, makala ni nzuri, ila hapo uliposema saratani ni "seli zinazokua haraka kupita kiasi" umetupa nusu ya habari. Nusu nyingine ni seli zinazogoma kufa.

Mwilini seli hufa kila siku kwa mabilioni, na nyingi hujiua zenyewe kwa utaratibu. Kitaalamu huitwa apoptosisi, jina lililotolewa mwaka 1972 na wanasayansi Kerr, Wyllie na Currie. Mtoto akiwa tumboni, vidole vyake huanza vikiwa vimeungana kama mguu wa bata. Seli za katikati zikifa ndipo vinaachana. Kuna na kile kinyoo C. elegans (mimi hunishangaza zaidi hicho): chenye jinsia mbili hutengeneza seli 1,090, kisha 131 zinakufa, zilezile kila mara. Brenner, Horvitz na Sulston walipata Nobel mwaka 2002 kwa kazi hiyo.

Seli ikiharibika, mitokondria zake (vinu vyake vya nishati) humwaga protini iitwayo saitokromu c, vimeng'enya viitwavyo kaspesi vinaamka na kuikatakata kutoka ndani, halafu seli jirani zinameza vipande. Kimya kimya, si kama kwenye jeraha la moto ambako seli hupasuka ovyo.

Sasa, protini ya BCL-2 ndiyo bawabu anayezuia mlango wa mitokondria usifunguke. Baadhi ya saratani za damu zinayo kupita kiasi, ndiyo maana seli zake zinagoma kufa. Dawa ya venetoclax, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, inamfunga mikono bawabu huyo. Hiyo tuandikie makala yake basi.